Je, Wajua Mkoba wa Kielektroniki wa Mwalimu?

Katika vyuo vya ualimu vya Kongo, vile viitwavyo ISP, mwanafunzi aliyekwenda kufanya mazoezi ya kufundisha hurejea na daftari la maandalio ya masomo, nalo, likiisha kusahihishwa na kutiwa alama, aghalabu hulazwa kabatini pasipo mwenyewe kulifungua tena. Mkoba wa kielektroniki huiondoa hasara hiyo: ni hifadhi ya kwenye kompyuta au simu, ambamo maandalio, picha za ubao, sauti zilizorekodiwa, maoni ya msimamizi na tafakari za mwanafunzi hukaa pamoja tangu mwaka wa kwanza hadi shahada.

Mojawapo ya programu mashuhuri za kazi hii ni Mahara, iliyoanzishwa New Zealand mwaka 2006. Humwachia mwanafunzi hiari ya kuamua nani aone sahifa ipi.

Hata hivyo, wingi wa mafaili si mkoba. Watu wa Likasi, mji wa madini nchini Kongo, wajua kwamba mawe ya madini yaingiayo kiwanda cha Shituru hayawi shaba mpaka yayeyushwe kwa asidi, kisha umeme uivute shaba safi igande kwenye mabamba. Kadhalika picha mia za darasani si ushahidi wa ualimu mpaka mwenyewe azichuje na kuzitafakari.

Tuseme mtoto ameandika ubaoni 1/2 + 1/3 = 2/5. Mwanafunzi mzembe ataipiga picha na kuandika chini yake kwamba darasa halikuelewa. Aliye makini ataandika kwamba mtoto alijumlisha vya juu kwa vya juu na vya chini kwa vya chini, wala hakutambua kuwa jawabu lake ni dogo kuliko nusu aliyoanza nayo. Kwamba yeye mwalimu aliharakia kanuni. Na kwamba kesho yake aliwakunjisha watoto ukanda wa karatasi sehemu 6, nusu ikawa 3, theluthi ikawa 2, jumla 5/6. Sahifa ya kosa na sahifa ya kesho yake, zikiwekwa sambamba, humwonyesha msimamizi jambo ambalo alama peke yake haiwezi kulidhihirisha: jinsi mwalimu anavyojifunza.

Umeme unaokatika na gharama ya intaneti si udhuru wa kutosha, madhali simu yaweza kuhifadhi kazi yote hadi mtandao upatikane. Hadhari kubwa ni sura za watoto, kwani tangu Machi 2023 Kongo ina sheria ya mambo ya kidijitali inayolinda taarifa za watu binafsi.

Basi, ewe mwanafunzi wa ualimu, anza kwa kidogo: kila juma somo moja, picha moja ya ubao isiyo na sura ya mtoto, na mistari kumi ya insafu juu ya nafsi yako.