Manamba wa Tanga na Ujira wa Aliye Mbali na Kwao

Mashamba ya mkonge ya Tanga hayakukosa watu jirani. Wasambaa walikuwa pale pale milimani, Wabondei Muheza, Wazigua upande wa Korogwe na Handeni. Wote waliuona mkonge ukienea tangu Mjerumani Richard Hindorf alipoagiza miche kutoka Florida mwaka 1893, ikaokoka 62 tu. Lakini kwenye kukata majani, wengi walikataa. Mtu achomwe na miiba kutwa ya nini, na huku ana muhogo, mahindi na minazi yake? Aliyebanwa na kodi aliingia shambani kwa muda, akapata shilingi zake, akarudi kwao.

Wenye mashamba wangeweza kupandisha ujira mpaka majirani hao washawishike. Badala yake walikwenda kutafuta watu mbali zaidi: Kigoma, Songea, Njombe, Burundi, na ng'ambo ya Ruvuma kwa Wamakonde wa Msumbiji. Mwaka 1944 chama cha wenye mashamba kikaanzisha SILABU, ofisi moja ya kuandikisha vibarua kwa niaba ya mashamba mengi. Hatua hiyo ndiyo iliyonyonga mshahara, kwa sababu wanunuzi wa nguvu kazi waliacha kushindania watu. Kijana wa Kigoma hakuwa na tajiri wa pili wa kumwambia, “Yule ananipa zaidi.”

Na kodi ilimfuata kwao vilevile, mahali ambapo soko la mazao lilikuwa dogo na kazi ya mshahara adimu. Akapanda garimoshi au lori, akapewa namba, ndipo watu wakamwita manamba. Mkononi alikuwa na kipande, kadi ya kutia alama za siku 30 za kazi. Asiyemaliza kipimo chake cha majani siku hiyo hakutiwa alama, hata kama alianza alfajiri na mgongo umemuuma mpaka jioni. Nyapara ndiye aliyejua siku ni siku.

Mshahara wenyewe ulipigiwa hesabu ya mwanamume mmoja: posho yake, kodi yake, nguo yake. Watoto walilishwa na jembe la mama yao huko nyumbani. Akiugua au akizeeka, alirudi kuuguzwa na ukoo. Kwa hiyo vijiji vya Buha kule Kigoma na Ungoni kule Songea vililipa sehemu ya gharama za mkonge uliouzwa Ulaya, na katika vitabu vya mashamba deni hilo halikuandikwa popote. Mimi naliita deni, na naamini halijalipwa.

Kilichobadili mambo kilikuwa vyama vya wafanyakazi, migomo ya miaka ya 1950, kisha sheria ya kima cha chini cha mshahara baada ya Uhuru. Ujira ulipopanda, mashamba yalipunguza watu na kuwategemea waliokwisha kupiga kambi na familia zao. Uandikishaji wa mbali ukafifia katikati ya miaka ya 1960. Muda si mrefu kamba za nyuzi bandia zikaiangusha bei ya mkonge, na wengi waliobaki Korogwe na Muheza wakajikuta hawana kazi, wala ardhi ya kurudia.

Nayakumbuka hayo kila ninaposikia habari za dada zetu wanaokwenda kufanya kazi za ndani Uarabuni. Mfumo wa udhamini, kafala, humfunga mfanyakazi kwa mwajiri mmoja, na mara nyingi pasipoti yake hufungiwa kabatini. Qatar mwaka 2020 iliondoa sharti la kuomba ruhusa ya mwajiri kabla ya kubadili kazi, na kuanzia Machi 2021 kima cha chini kikawa riyali 1,000 kwa mwezi kwa watu wa mataifa yote. Utekelezaji umelegalega, lakini haki hiyo imo kwenye sheria na mtu anaweza kuidai.

Serikali zetu zinapojadili mikataba ya kupeleka wafanyakazi nje, kinachotangulia kutajwa ni mshahara. Ningependa wajumbe wetu waanze na swali la nani anashika pasipoti, na binti akitaka kumwacha tajiri wake leo, kesho anaruhusiwa kulala wapi na kufanya kazi kwa nani.