Sekunde Arobaini za Akiba

Msikilizaji mmoja ameniuliza swali ambalo nadhani linawahusu wengi. Amekuta kwenye vifaa vya mtumba mashine ndogo ya CD, ya kubeba mkononi, iliyoandikwa kwenye mfuniko kuwa inahimili mtikisiko kwa sekunde 40. Muuzaji akamhakikishia kwamba maana yake hata ikianguka haiharibiki. Je, ainunue awe anasikiliza ndani ya daladala?

Maneno ya muuzaji na ya kiwandani si mamoja.

Sony walipotoa Walkman mwaka 1979, mtikisiko haukuwa balaa kubwa. Ukanda wa kaseti hupita ukigusa kichwa cha kusomea. Gari likiruka shimo, sauti huyumba kidogo kama ya mlevi, kisha wimbo ukaendelea. CD haiguswi na kitu. Huchunguzwa na mwanga wa leza, nao hufuata mstari mmoja mrefu uliojizungusha, mzingo na mzingo vikiachana kwa milimita 0.0016 tu. Unene wa unywele mmoja unafunika mizingo kadhaa. Ndiyo maana Discman ya kwanza, ya mwaka 1984, ilipenda kutulia mezani.

Mipira ya kupunguza mshtuko haikutosha. Miaka ya tisini mafundi wakaja na ujanja mwingine: mashine isome CD upesi kuliko inavyoipiga, na kinachozidi kiwekwe akiba katika kumbukumbu. Ni kama nyumba yenye pipa la maji. Bomba likikatika, wapishi hawana habari. Leza ikipoteza njia, masikio hulishwa na akiba mpaka leza ijipange upya.

Hizo sekunde 40, basi, ni ukubwa wa pipa. Barabara ikiwa makorongo mfululizo, pipa hukauka na muziki hukatika. Tena akiba si ya bure: inakula betri, na mashine nyingine huibana sauti ili sekunde ziongezeke, ubora ukapungua kidogo. Ndiyo sababu nyingi zina swichi ya kuizima.

Kuanguka ni habari nyingine kabisa. Pipa haliwezi kulinda lenzi wala mota. Hata iPod ya mwaka 2001, yenye akiba ya hadi dakika 20, ndani yake ilizunguka diski ngumu ambayo pigo moja baya lingeweza kuiua. Simu ya leo haina kinachozunguka wakati wa kupiga wimbo, hivyo mtikisiko hauna cha kuutikisa. Kioo chake, hilo mnalijua wenyewe.

Kwa hiyo, ndugu yangu, nenda na CD yako mwenyewe, isiyo na michubuko. Weka mashine mezani, zima hiyo akiba, usikilize nyimbo mbili tatu hadi mwisho. Ikirukaruka ikiwa imetulia, leza imechoka au lenzi ni chafu, na zile sekunde 40 zilikuwa zinakuficha ugonjwa. Muuzaji akikataa swichi isiguswe, mwachie mashine yake.