Moyo Huwahi, Goti Huchelewa

Tangu mwaka 2002 Mgodi wa Dhahabu wa Geita, kwa kushirikiana na Tume ya Taifa ya Kudhibiti UKIMWI, umekuwa ukiandaa Kili Challenge: watu wanapanda Kilimanjaro, wengine wanauzunguka kwa baiskeli, na fedha zinachangwa kwa ajili ya mapambano dhidi ya VVU. Harambee ya mlimani ina tabia yake. Tarehe hupangwa na kamati, ahadi za wachangiaji hutangulia, na miguu huulizwa mwisho. Mhasibu ambaye mwendo wake mrefu kwa siku ni kutoka kituo cha daladala hadi mezani anajikuta amebakiwa na miezi mitatu kabla ya safari ya kwenda mita 5,895. Jioni ananunua raba, alfajiri anaanza kukimbia, kwa sababu kukimbia ndiko kunakoonekana kuwa mazoezi. Ushahidi wa kisayansi unasema huyu ameanza na kiungo kisichohitaji kuharakishwa. Katika yote ambayo mazoezi yanaweza kuyabadili mwilini, moyo na pumzi ndivyo hubadilika upesi. Kinachochelewa ni kano, mifupa na uwezo wa paja kuhimili mteremko. Ratiba ya anayeanza sifuri ipangwe kwa kufuata vile vinavyochelewa, na mahali pazuri pa kuifuata ni kwenye vilima vya Karatu na Ngorongoro, kwa mwendo wa taratibu, kupanda na hasa kushuka.

Viungo vya mwili havina kalenda moja. Mtu aliyekaa miaka bila mazoezi akianza kutembea kwa bidii, majimaji ya damu yake huongezeka ndani ya siku chache, na kila pigo la moyo husukuma damu nyingi kuliko awali. Misuli nayo haikawii. Mwaka 1967 mtafiti wa Marekani John Holloszy alionyesha kwamba panya waliokimbizwa kwa wiki kadhaa waliongeza takriban maradufu uwezo wa mitokondria zao, yaani vile vitu vidogo ndani ya seli vinavyotumia oksijeni kutengeneza nishati. Ndiyo maana katika wiki ya tano mhasibu wetu anapanda ngazi za ofisi huku akiongea na simu, na anaamini mlima umeshaiva. Kano zake, zile kamba ngumu zinazofunga misuli kwenye mifupa, haziko hapo kabisa. Mwaka 2013 watafiti wa Denmark walizipima kwa njia ya ajabu. Majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960 yalijaza hewani kaboni-14, ikaingia katika mimea, katika chakula, na hatimaye katika miili ya watu duniani kote. Kwa kuisoma alama hiyo kwenye kano za kisigino za watu waliozaliwa nyakati tofauti, waligundua kwamba kiini cha kano hujengwa hadi kwenye umri wa miaka 17 hivi, na baada ya hapo karibu hakibadilishwi tena. Kano ya mtu mzima inaweza kukazika na kuimarika ikipewa mzigo wa mara kwa mara, lakini inahesabu kwa miezi, wakati damu inahesabu kwa siku.

Mfupa una hila yake. Ukipewa kazi mpya, hujikarabati kama barabara: lami iliyochoka huchimbuliwa kwanza, mpya humwagwa baadaye, na kati ya hatua hizo mbili kuna majuma ambayo mfupa ni dhaifu kuliko ulivyokuwa kabla mwenyewe hajaanza mazoezi. Daktari wa jeshi la Prussia aitwaye Breithaupt aliandika mwaka 1855 juu ya askari waliovimba nyayo na kushindwa kukanyaga baada ya kutembezwa safari ndefu. Eksirei ilikuwa haijagunduliwa; ilipokuja ilionyesha kwamba katika maumivu ya namna hiyo mifupa ya wayo huwa imepata ufa. Madaktari wa majeshi wanaujua ugonjwa huo mpaka leo, na huwapata hasa vijana wapya waliotoka kwenye kukaa wakaingizwa ghafla kwenye kukimbia. Moyo wao unaruhusu, mguu unakataa. Huo mwanya kati ya pumzi iliyoimarika upesi na mguu ambao bado haujaimarika ndimo majeraha mengi ya wanaoanza mazoezi yanamoingia, na kinachoudhi ni kwamba unakuwa mpana zaidi pale ambapo mtu anajisikia vizuri zaidi.

Kisha kuna suala la kushuka, ambalo wapandaji wengi hulifikiria wakiwa tayari kileleni. Mwaka 1952 jijini London, watafiti Abbott, Bigland na Ritchie waliunganisha baiskeli mbili kwa mnyororo, zimepeana mgongo. Mmoja alikanyaga mbele kama kawaida; mwenzake alizizuia pedali zilizokuwa zikirudi nyuma. Nguvu iliyopita kwenye mnyororo ni ileile, ila yule anayezuia alitumia oksijeni kidogo sana. Katika maonyesho mbele ya Royal Society, mwanamke mwenye umbo dogo alimchosha mwanamume mkubwa bila yeye mwenyewe kutaabika. Hilo ndilo fumbo la mteremko. Paja linaposhikilia uzito huku likirefuka, nyuzi chache za misuli hubeba nguvu kubwa, mapafu hayahisi chochote, na mwenye mwili anadhani anapumzika. Hesabu huja kesho yake au keshokutwa, magoti yanapotetemeka na ngazi za kwenda chooni zinapogeuka mlima mwingine. Katika njia ya Machame, wapandaji wengi hufika kilele cha Uhuru asubuhi wakiwa wametembea tangu usiku wa manane, kisha siku hiyohiyo hushuka hadi kambi ya Mweka iliyo kwenye mita 3,100 hivi. Ni zaidi ya mita 2,700 za kuzuia mwili usianguke. Hakuna mwendo wa tambarare unaomwandaa mtu kwa hilo, wala mashine ya jimu inayozungusha mkanda chini ya miguu yake bila mteremko.

Habari njema ni kwamba misuli ina kumbukumbu ya kushuka. Mteremko mmoja wa wastani, hata ule uliomwacha mtu akichechemea siku mbili, huipa misuli kinga inayodumu kwa wiki kadhaa, na mara ya pili maumivu hupungua sana kwa kazi ileile. Dozi haihitaji kuwa kubwa, inahitaji kurudiwa. Hapo Karatu inakuwa na kitu ambacho Dar es Salaam haiwezi kukinunua. Mji uko kwenye mita 1,500 hivi, na ukingo wa kreta ya Ngorongoro unazidi mita 2,200, kwa hiyo kati ya sokoni na msitu kuna miinuko ya kila kiasi. Barabara za udongo mwekundu zinazopanda kuelekea Oldeani kwenye mashamba ya kahawa, vilima vya Rhotia na vijia vya Mbulumbulu vinatosha kwa miezi miwili ya mwanzo bila mtu kulipa kiingilio chochote. Ndani ya hifadhi ya Ngorongoro ni habari nyingine. Kutembea kunahitaji kibali na askari mwenye silaha, kwa kuwa nyati na tembo hawajui kwamba safari ni ya hisani. Lakini njia ya maporomoko ya Endoro, inayopita kwenye mapango yaliyochimbwa na tembo wanaotafuta chumvichumvi za udongo, ni zoezi zuri la nusu siku. Baadaye kuna kreta ya Empakaai, ambako mtu hushuka takriban mita 300 hadi ziwani kisha hana budi kuzipanda tena. Mtu wa kilo 70 akipanda mita hizo 300 hutumia kama kilokalori 200 kwa kuinua mwili wake tu, kiasi kinacholipwa na kipande cha ugali. Faida ya Empakaai haipo kwenye mafuta yanayoungua. Ipo kwenye mapaja wakati wa kushuka.

Mwendo wenyewe hauna siri. Utembee kwa kasi inayokuruhusu kusema sentensi nzima bila kukata pumzi, siku nne au tano kwa wiki, huku urefu wa matembezi na wa miteremko ukiongezwa kidogo kidogo. Begi la mgongoni lije mwishoni, likiwa jepesi, kwa sababu kilo za begi hulielemea goti lilelile linaloshuka.

Watakuwepo wa kupinga, na hoja zao si nyepesi. Wa kwanza atasema mazoezi makali ya muda mfupi yameonyeshwa kuongeza uwezo wa kutumia oksijeni upesi kuliko mwendo wa pole. Ni kweli. Watafiti wa Norway walichapisha mwaka 2007 matokeo ya kukimbia kwa nguvu dakika nne, kupumzika, kisha kurudia hadi mara nne, na uwezo wa vijana waliofanya hivyo uliongezeka kuliko wa wale wa mwendo wa polepole. Ila waliofanyiwa utafiti ni vijana waliokuwa na afya nzuri na mazoea ya kukimbia, na kilichopimwa ni oksijeni, ambacho ndicho kitu kinachokuja upesi hata bila kuharakishwa. Mwenye miezi miwili ya kutembea tayari miguuni anaweza kuongeza vipande vikali vya kupanda mara moja kwa wiki, na atafaidika. Akianza navyo wiki ya kwanza atakuwa anakopa kwenye kano.

Wa pili ataelekeza kidole kwa majirani. Ukishuka kutoka Karatu hadi Mang'ola, kwenye mashamba ya vitunguu, unafika nchi ya Wahadzabe kandokando ya Ziwa Eyasi, na hao hawana ratiba ya mazoezi wala raba za bei. Kwa kweli wamepimwa kuliko watu wengi duniani. Mtafiti Herman Pontzer na wenzake walichapisha mwaka 2012 kwamba wanaume wa Kihadzabe hutembea kama kilomita 11 kwa siku na wanawake karibu 6. Utafiti mwingine wa mwaka 2017 ulionyesha kwamba wana zaidi ya saa mbili kwa siku za shughuli ya wastani hadi kali, na shinikizo la juu la damu ni nadra kwao hata uzeeni. Mpinzani anasema hao wamezaliwa hivyo. Lakini tazama kinachowafanya wawe hivyo: sehemu kubwa ni kutembea tu, kuchimba na kubeba, kila siku, tangu utotoni, wakati kano bado zinajengwa. Mhasibu hawezi kuurudia utoto, ila anaweza kuiga mpangilio wa kila siku badala ya kuirundika kazi yote Jumamosi. Utafiti huohuo wa 2012 una fundisho lingine linalowasumbua wanaotaka mlima uwapunguzie kitambi: ukizingatia ukubwa wa mwili, Wahadzabe hawakuchoma nishati nyingi kwa siku kuliko watu wa Marekani na Ulaya. Mwili hubana matumizi mahali pengine. Kupungua kilo ni kazi ya sahani zaidi kuliko ya mteremko.

Kuna pia wanaosema kipaji ndicho huamua, na Karatu ni mahali pagumu pa kuwapinga, kwa kuwa ndiko alikozaliwa Filbert Bayi mwaka 1953, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 huko Christchurch mwaka 1974. Utafiti wa familia uitwao HERITAGE uliwafanyisha watu 481 mazoezi yaleyale kwa wiki 20, na matokeo ya mwaka 1999 yanawapa nguvu: wapo walioongeza zaidi ya lita nzima ya oksijeni kwa dakika, wapo ambao karibu hawakuongeza kitu, na karibu nusu ya tofauti hiyo ilielekea kutokana na mambo ya kifamilia. Hata hivyo mwaka 2017 watafiti Montero na Lundby waliwachukua watu walioonekana kutoitikia mazoezi, wakawaongezea vipindi kwa wiki, na wote wakaitikia. Kipaji kinaamua nani atakuwa Bayi. Hakiamui nani atafika Mweka kwa miguu yake.

Hoja nzito kuliko zote ni ya mwinuko. Kileleni Uhuru kila pumzi ina karibu nusu ya oksijeni ya pwani, na hakuna ushahidi kwamba mtu mwenye mazoezi mengi anakingwa na ugonjwa wa mwinuko. Mara nyingine yeye ndiye anayeumia, kwa kuwa anaweza kupanda haraka kuliko mwili unavyozoea. Kulala Karatu kwenye mita 1,500 hakusaidii sana. Loolmalasin, mlima wa tatu kwa urefu nchini baada ya Kilimanjaro na Meru, unazidi mita 3,600 na unafaa kwa jaribio siku chache kabla ya safari, ila mazoea ya mwinuko huyeyuka mtu akikaa bondeni wiki kadhaa. Kanuni ya madaktari inabaki ileile: ukishapita mita 3,000, usilale zaidi ya mita 500 juu ya ulipolala jana, na kila baada ya siku tatu au nne usiongeze kitu. Basi mazoezi ni ya nini? Uwezo wa juu kabisa wa mtu kule hushuka hadi karibu nusu, na aliyeanza na akiba kubwa hubakiwa na kitu cha kutembelea bila kufika ukingoni mwa nguvu zake. Naye anapoambiwa na kiongozi ageuke, miguu yake inamudu kumshusha bila machela, na kushuka ndiyo tiba ya kwanza ya ugonjwa huo.

Hapo ndipo harambee inapoweza kudhuru. Mtu ambaye michango yake imefungwa na kilele ataficha maumivu ya kichwa na kutapika kwake, kwa sababu anahisi akirudi amewanyima wagonjwa dawa. Kamati inayopanga tarehe miezi mitatu mapema ingeipanga miezi sita mapema, na ahadi za wachangiaji zihesabiwe kwa siku za kutembea, zikiwemo za Rhotia na Empakaai, ili mpandaji anayerudishwa kutoka kambi ya Barafu ashuke akiwa hadaiwi na mtu.