Ile namba kwenye duara la njano si namba ya kikosi

Wadau, kuna Land Rover kuukuu ililetwa gereji moja hapa Kawe, ya zile za mkoloni. Fundi alipokwangua rangi kwenye madigadi ya mbele likatokea duara la njano lenye namba 2 nyeusi ndani. Basi kijiwe kikawaka. Mmoja kasema ni namba ya kikosi, mwingine eti gari lilikuwa la mashindano, wa tatu akaapa lilikuwa la pili kwenye msafara wa gavana. Nikaona niandike, maana jibu lake linatuhusu hata sisi tusio na Land Rover.

Ile namba ni ya madaraja. Wakati wa Vita Kuu ya Pili jeshi la Uingereza lilichora duara la njano lenye namba nyeusi mbele ya magari yake, kwenye madigadi au bampa. Daraja nalo likawekewa kibao chenye namba yake. Dereva hana haja ya kupiga hesabu: namba ya gari ikiwa sawa na ya daraja au ndogo kuliko hiyo, pita. Ikizidi, simama. Jeep ilikuwa 2, kifaru cha Churchill 40. Ukikuta namba mbili, moja juu ya nyingine kama sehemu za hesabu za shule ya msingi, ya juu ni ya gari likiwa linavuta tela, ya chini ni ya gari peke yake. Namba ya kikosi ilikuwepo pia, ila yenyewe ilikaa ndani ya mraba wa rangi. Kwa hiyo angalia umbo kwanza kabla hujabisha.

Haraka yote hiyo ya nini? Hapa jirani yetu Lugalo pana jibu. Kambi ile zamani iliitwa Colito, na ndiko maasi ya Tanganyika Rifles yalikoanzia Januari 1964. Jina la Colito lilitoka kusini mwa Ethiopia. Mei 1941 askari wa KAR kutoka Tanganyika walivuka Mto Billate karibu na Colito huku wakipigwa risasi, na walipofika ng'ambo vifaru vya Waitaliano vikawajia. Mtu anaweza kuvuka mto kwa kuogelea au kwa kamba. Mzinga na lori la risasi vinasubiri daraja, na kila saa vinayosubiri, waliotangulia wako peke yao. Huwezi kumweka mhandisi kwenye kila mto apime kila gari. Namba mbili zinazolingana zinamaliza ubishi. (Lugalo nalo ni jina la vita, ile ya Agosti 1891 Mkwawa alipowapiga Wajerumani. Hilo tuliache kwa siku nyingine.)

Sasa sehemu ambayo watu wengi hawaijui: namba ile si uzito wa gari. Inakaribia tani, hasa kwa vifaru, lakini si tani. Daraja halijali uzito peke yake, linajali uzito umekaa wapi. Chukua daraja dogo la mita 6. Pitisha juu yake mzigo wa tani 20 uliorundikana sehemu moja. Ukifika katikati, unalikunja daraja kwa nguvu yake yote. Sasa chukua tani 20 zilezile, zigawe kwenye ekseli mbili za tani 10 kila moja, zikiwa mita 4 mbalimbali. Ekseli ya kwanza ikiwa katikati, ya pili haijapanda bado. Nguvu ya kulikunja daraja inakuwa nusu tu ya ile ya kwanza. Uzito uleule, mateso nusu! Ndiyo maana wahandisi wanaangalia idadi ya ekseli na umbali kati yake, wanalinganisha na magari ya mfano yaliyokwisha pigiwa hesabu, halafu ndipo wanatoa namba. Utaratibu huo ulichukuliwa na nchi za NATO, na mpaka leo magari yao yana namba hizo. Kule Ujerumani bado utakuta vibao vya njano kando ya baadhi ya madaraja, vimebaki tangu enzi za Vita Baridi.

Na hata namba ikizidi, kuna ruhusa ya tahadhari, lakini anaitoa mhandisi, haitoki kichwani kwa dereva. Gari linapita peke yake, katikati kabisa ya daraja, polepole, bila kukanyaga breki na bila kubadili gia. Breki ya ghafla inaongeza mtikisiko juu ya uzito, na kupita pembeni kunaubebesha upande mmoja mzigo wa pande mbili.

Namba hizi zilifanya kazi vizuri zaidi kwenye daraja la Bailey, lililobuniwa na Mwingereza Donald Bailey mwaka 1940. Fremu moja ya chuma ina urefu wa futi 10 na uzito wa kama kilo 260, inabebwa na watu sita. Ukitaka namba ya daraja ipande, unaongeza fremu ubavuni au juu, na kibao kinabadilishwa siku hiyohiyo. Madaraja ya ukoo huo ndiyo yanayowekwa hata hapa kwetu mafuriko yakisomba barabara.

Turudi mtaani. Sheria ya Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika hapa nchini mwaka 2019, inaweka kikomo cha tani 56 kwa gari na mzigo wake, na inahesabu ekseli moja moja pia. Safi kabisa. Lakini mizani iko barabara kuu. Tipa la mchanga linalotoka mtoni likaingia vichochoro vya huku kwetu halikutani na mizani yoyote, na ekseli zake mbili za nyuma zimebanana, mzigo wote umekaa pale. Hiyo ndiyo tani 20 iliyorundikana niliyoisema juu. Vidaraja vingi ninavyopita mimi kila siku havina kibao cha tani, achilia mbali cha aina hii. Dereva anajua amepakia "tripu moja". Tripu ni tani ngapi? Mchanga mkavu au uliolowa? Ukiuliza hivyo wanakuona mbea. Kibao na kopo la rangi vingegharimu kiasi gani jamani, ukilinganisha na kujenga kidaraja upya?

Kwa wenye magari ya zamani, hasa nyie mliokwenda na Land Rover zenu kwenye lile tamasha la Arusha Oktoba 2024: msikwangue kabla ya kupiga picha. Na kama gari limeshabadilishwa chasisi au limeongezewa bodi, msirudishie namba ileile kwa urembo, maana ilipigiwa gari jingine. Mwenye picha ya Bedford ya jeshi yenye duara hilo aiweke hapo chini kwenye maoni, ataje namba na ilikaa upande gani.