Sitaha Mpya kwa Mashua ya Zamani

Kila mwaka kusi inapovuma kwa nguvu, kati ya mwezi wa Juni na Agosti, mashua nyingi za wavuvi wadogo wa Pwani hupandishwa mchangani. Huo ndio wakati wa matengenezo. Huko Matondoni, katika kisiwa cha Lamu, sauti ya tezo husikika tangu asubuhi, na mwenye chombo afikaye huko na fedha zake chache hukutana na swali gumu: sitaha yake mpya aitengeneze kwa kitu gani?

Msomaji wa bara asidhani kwamba jambo hili ni la mapambo. Mitumbwi mingi ya Ziwa Victoria haina sitaha, na mashua ndogo ya Pwani nayo huwa wazi katikati. Lakini mbele, yaani omoni, na nyuma, yaani tezini, huwekwa sakafu ya mbao. Juu ya sakafu hiyo mvuvi husimama akivuta nyavu gizani. Chini yake huweka kamba, chakula na vitu vyake vingine. Ikioza, mtu huweza kutumbukia mguu usiku, na maji ya mvua na mawimbi huingia ngamani, hata kazi ya kuvua ikageuka kuwa kazi ya kufua maji. Mkulima mwenye ghala lililotoboka paa ataelewa upesi.

Watu wengi husema kwamba adui wa sitaha ni maji ya bahari. Sivyo. Chumvi huzuia kuvu iozeshayo mbao. Maji ya mvua ndiyo yenye madhara makubwa, hasa yanapotuama katika nyufa na katika vichwa vya mbao. Ndiyo sababu mabaharia wa zamani walikuwa wakimwagia sitaha maji ya bahari asubuhi na jioni. Mbao hufura, nafasi kati yake hufungana, na chumvi huingia ndani. (Chini ya maji kuna adui mwingine, mdudu atoboaye mbao, naye huzuiwa kwa kupaka shahamu na chokaa, lakini hayo si mambo ya sitaha.)

Basi, katika mbao, mvule hupendwa na wengi, na wana haki. Moyo wake, ule wenye rangi ya kahawia, haushikwi upesi na kuoza wala na mchwa. Lakini sehemu nyeupe iliyo karibu na gome haina nguvu hiyo, na wauzaji wengine huichanganya humo humo. Mnunuzi aipindue kila mbao na kuitazama pande zote. Tena, ndani ya mvule mara nyingine hupatikana vijiwe vigumu viharibuvyo meno ya msumeno, na vumbi lake huwasha pua na ngozi. Msaji ni bora zaidi, ila bei yake haimfai mvuvi mdogo. Mbambakofi ni mgumu na hudumu sana, lakini ni mzito. Mwembe hupatikana kwa urahisi, na tangu zamani hutumiwa kuchonga ngalawa. Hata hivyo huoza upesi ukipigwa na mvua, na kwa sitaha ni heri kuuacha. Saipresi ya bara ni nyepesi na bei yake ni nafuu, nayo yafaa kwa mwenye fedha chache ikiwa imekauka vizuri na kupakwa mafuta au rangi mara kwa mara.

Uzito wapaswa kufikiriwa sana, kwa kuwa sitaha iko juu, na uzito ulio juu hukifanya chombo kiyumbe. Tuseme sitaha ina urefu wa mita 3 na upana wa mita 2, na mbao zina unene wa inchi 1. Kwa mvule, uzito wake utakuwa karibu kilo 100. Kwa mbambakofi utakuwa karibu kilo 120, na kwa saipresi kilo 70 hivi. Tofauti ya kilo 50 ni sawa na kijana mmoja kukaa juu ya chombo daima, mchana na usiku, wala hashiki kamba.

Siku hizi kuna plaiwudi ya vyombo vya baharini, ambayo huwa na chapa ya BS 1088. Ni nyepesi na haina viungo vingi vya kuvuja. Plaiwudi ya kutengenezea makabati haifai hata kidogo, kwa sababu gundi yake huachia ikilowa. Hata ile iliyo bora lazima kingo zake zizibwe. Wengine hufunika mbao kuukuu kwa faibaglasi wakidhani wameponya ugonjwa, kumbe wameufungia unyevu ndani, na kuoza huendelea pasipo kuonekana. Mwaka wa 2018 mafundi wa Lamu walishusha majini chombo kiitwacho Flipflopi, kilichoundwa kwa plastiki iliyookotwa, nacho kikasafiri hadi Unguja mwaka wa 2019. Mbao za plastiki haziozi. Lakini ni nzito kuliko mvule, hupindika upesi, na hutanuka sana kwa joto. Azitumiaye hana budi kuweka mihimili karibu karibu.

Na mihimili ndiyo isahauliwayo. Mwenye mashua hutumia fedha zote kwa mbao nzuri za juu, kisha huzipigilia juu ya mihimili iliyokwisha kuwa laini kama muhogo uliochemshwa. Fundi mwenye uzoefu kwanza huing'oa sitaha yote, huigonga mihimili kwa mpini wa tezo akisikiliza sauti, na huchoma kwa kisu mahali inapokutana na ubavu wa chombo. Kisu kikiingia bila nguvu, mhimili huo hubadilishwa kwanza, hata kama fedha zilizobaki zitanunua saipresi badala ya mvule. Saipresi juu ya mihimili mizima humchukua mtu salama. Mvule juu ya mihimili mibovu huanguka naye. Mihimili mipya nayo ipewe mgongo kidogo katikati, ili mvua iteremke pembeni.

Misumari nayo ni vivyo hivyo. Ya chuma kitupu hushika kutu na kuila mbao inayoizunguka. Iliyochovywa katika zinki yafaa. Ya shaba ni bora, ila isichanganywe na ya chuma, maana zikikutana ndani ya maji ya chumvi ile ya chuma huliwa upesi. Matundu yatobolewe kwanza kwa keke, ili mbao zisipasuke. Mbao ziwe nyembamba, kama inchi 4, kwa sababu mbao pana hujikunja juani.

Baada ya kukalafati kwa pamba iliyolowekwa mafuta, humwagwa ndoo kadhaa za maji juu ya sitaha, na mtu mmoja huingia chini na kipande cha chaki. Kila mahali aonapo tone hupiga alama. Alama zikiisha kuzibwa na kujaribiwa tena, mashua hungoja maji ya bamvua.