Mpagazi Hayupo: Kuunganisha Modemu na Kompyuta Kuukuu ya Linux katika Ukanda wa Uvira

Mtu aliyewahi kutumia modemu ya simu katika kompyuta ya Linux anayakumbuka maneno mawili ya Kiingereza yaliyokuwa yakijitokeza ghafla katika kioo wakati mawasiliano yanapokatika: NO CARRIER. Huandikwa kwa herufi kubwa, bila maelezo yoyote. Mwanafunzi wa Uvira, ambaye nyumbani na sokoni husema Kiswahili na darasani husoma kwa Kifaransa, huyasoma maneno hayo katika lugha yake ya tatu, na ni rahisi kwake kudhani kwamba mashine imekufa. Kompyuta nzima inaweza kuwekwa stoo kwa sababu ya maneno mawili ambayo hayakuisema vibaya hata kidogo.

Ili kuyaelewa, ni lazima kwanza kueleza kazi ya modemu. Waya wa simu ulitengenezwa kwa ajili ya sauti ya binadamu. Hupitisha mitetemo iliyo baina ya hezi 300 na 3400 hivi, na nje ya mipaka hiyo hupitisha kidogo sana. Kompyuta kwa upande wake haina sauti. Husema kwa tarakimu mbili tu, 0 na 1. Modemu hukaa katikati ya hao wawili. Hutoa mlio wa kudumu, kisha huugeuzageuza mlio huo, ama nguvu yake ama mpangilio wa mawimbi yake, kwa kufuata tarakimu zinazotoka katika kompyuta. Modemu ya upande wa pili huusikiliza mlio, hung'amua mageuzi yake, na kuyarudisha kuwa tarakimu. Jina lake limetokana na kazi hizo mbili, yaani kugeuza na kurejesha.

Mlio ule wa kudumu, kabla haujageuzwa, hauna habari yoyote ndani yake. Waingereza huuita kwa neno lenye maana ya mchukuzi, na Wafaransa vivyo hivyo. Katika ukanda huu wa ziwa lipo neno la zamani linalofaa kuliko yote: mpagazi. Misafara ya waungwana iliyotoka pwani kwa njia ya Tabora na Ujiji ilikuwa imekwisha kuifikia Uvira kabla Burton na Speke hawajafika huko mwaka 1858, na Kiswahili cha mashariki ya Kongo kingali kinaitwa Kingwana kwa sababu ya watu hao. Mali ya msafara ilikuwa mzigoni, si kwa mpagazi. Lakini mpagazi akitoroka, mzigo haufiki. Mlio wa modemu uko hivyohivyo. NO CARRIER maana yake ni kwamba modemu haisikii tena mlio wa mwenzake: mpagazi hayupo. Tafsiri hiyo humwelekeza mtumiaji mahali pa kutazama, napo si ndani ya kompyuta, bali ni katika laini au katika upande wa pili.

Linux ilianzishwa na Linus Torvalds huko Helsinki mwaka 1991, na katika miaka iliyofuata ilipata sifa ya kufanya kazi vizuri katika mashine ambazo wenyewe walikwisha kuzichoka. Kompyuta ya aina ya 486 yenye megabaiti 8 za kumbukumbu ilitosha kuandikia na kupelekea barua, mradi mtumiaji aridhike na maandishi matupu bila picha. Katika mfumo huo kila kifaa huonekana kama faili. Tundu la nyuma ambalo DOS huliita COM1, Linux huliita /dev/ttyS0. COM2 ni /dev/ttyS1, na kuendelea. Kuhesabu kwa kuanzia sifuri kumewapotosha wengi.

Jaribio la kwanza halihitaji laini ya simu. Mtumiaji hufungua programu ya minicom, huchagua tundu, huandika herufi mbili AT, na kubonyeza kitufe cha kuingiza. Modemu iliyo hai hujibu OK. Amri hizi zinazoanza na AT, ambazo maana yake ni kuitaka modemu isikilize, zilienea kutokana na modemu ya kampuni ya Hayes iliyotolewa mwaka 1981, na karibu watengenezaji wote wakaziiga.

Jibu la OK lisipopatikana, kuna sababu chache za kuchunguza. Huenda tundu lililochaguliwa silo. Huenda mtumiaji hana ruhusa: katika Linux ya Debian ni lazima jina lake liwemo katika kundi la dialout, na katika mifumo mingine kundi hilo huitwa uucp. Lakini sababu iliyowatesa watu kupita zote ni aina ya modemu yenyewe. Kuanzia katikati ya miaka ya 1990 viwanda vilianza kutengeneza modemu za bei nafuu za kuchomekwa ndani ya kompyuta, zilizonyimwa ubongo wao. Kazi ya kugeuza mlio iliachiwa programu ya Windows. Modemu ya namna hiyo katika Linux ni kipande cha bati, isipokuwa kwa aina chache zilizopatiwa programu zake baadaye. Anayepewa hiari na achukue modemu ya nje, yenye taa zake na waya wake wa umeme. Taa hizo si pambo. Mojawapo, iliyoandikwa CD, huwaka mpagazi anapokuwapo na kuzimika anapoondoka.

Hatua ya pili ni kupiga simu. Linux huiachia kazi hii programu iitwayo chat, ambayo mwanaisimu ataitazama kwa furaha, kwa kuwa faili yake si chochote ila mazungumzo yaliyoandikwa jozi kwa jozi: neno linalongojewa, kisha neno la kujibu. Ngojea OK, sema ATDT na namba. Ngojea CONNECT, kisha nyamaza. Salamu isipoitikiwa, mazungumzo hayaendelei, kama ilivyo desturi kwa wenyeji wa ziwa. Baada ya hapo pppd hushika zamu: hutoa jina na neno la siri lililohifadhiwa katika /etc/ppp/pap-secrets, na hupewa anwani na mashine ya upande wa pili. Iwapo majina ya mitandao bado hayatambuliki ilhali anwani za tarakimu zinafika, kosa liko katika /etc/resolv.conf, nalo hurekebishwa kwa mstari mmoja.

Lipo tatizo moja ambalo vitabu vilivyoandikwa Ulaya na Marekani hulipita haraka. Modemu nyingi zilitengenezwa ziutambue mvumo wa simu wa nchi zilikokusudiwa kuuzwa. Zikiletwa mahali ambapo mtambo wa simu huvuma kwa namna nyingine, hujibu NO DIALTONE na kukataa kupiga, ingawa mtu akiweka mkono wa simu sikioni anausikia mvumo bila shida. Hapo sikio la binadamu limeishinda mashine. Dawa yake ni kutanguliza amri ya ATX3, inayoiamuru modemu ipige bila kuungojea mvumo. Penye mitambo ya zamani sana, ATDP hutumika badala ya ATDT, ili namba zipigwe kwa midundo badala ya milio.

Kuhusu kasi, kipimo cha V.34 cha mwaka 1994 kilifikisha biti 28,800 kwa sekunde, kikaongezwa hadi 33,600 mwaka 1996, V.90 ya mwaka 1998 ilifika karibu 56,000 kwa upande wa kupokea. Hizo ni kasi za waya safi. Katika waya wenye kutu modemu hujishusha, hupotea, hutafutana upya. Ni afadhali kuibana mapema katika biti 9,600 kuliko kuiacha ihangaike. Kwa biti 14,400, megabaiti moja huchukua karibu dakika 10. Kwa 2,400 huchukua karibu saa nzima.

Uvira yenyewe ilikuwa na upungufu uliokuwa mkubwa kuliko huo. Laini za waya za Zaire zilikuwa chache mno kwa nchi kubwa kiasi hicho, na nyingi zilikuwa Kinshasa. Vita vilivyoufikia mji wa Uvira Oktoba 1996, na vile vya Agosti 1998, havikuacha nafasi ya kuzitengeneza. Bujumbura ilikuwa ng'ambo tu, mwendo wa kilomita 30 hivi, lakini kuipigia ni kupiga simu ya nje ya nchi. Njia ilifunguka kwa simu za mkononi: Celtel ilianza kazi Kongo mwaka 2000, na Vodacom mwaka 2002. Nyingi za simu za GSM zenye waya wa data zinaelewa amri zilezile za AT. Linux haijali kwamba kilichochomekwa ni simu. Minicom huandika AT, simu hujibu OK. Kwa mtindo wa kwanza wa GSM kasi ilikuwa biti 9,600. Ilipokuja GPRS, namba ya kupigwa ikawa *99#, na faili ya chat ikabadilika mstari mmoja au miwili. Hata modemu ndogo za USB zilizofuata, ambazo Linux huziita ttyUSB0 au ttyACM0, nyingi zaidi huanza mazungumzo kwa namna hiyo.

Umeme nao usisahauliwe. Faili za Linux ya zamani zilihifadhiwa kwa mtindo wa ext2, na umeme ukikatika ghafla diski nzima hukaguliwa upya wakati wa kuwasha, kazi ya kungojea kwa subira. Radi ni adui mbaya zaidi. Uchunguzi wa setilaiti uliotangazwa mwaka 2016 uliiweka Kabare, karibu na Bukavu, mahali pa kwanza katika Afrika kwa wingi wa radi. Wingu likijikusanya juu ya milima, waya wa simu uchomolewe kabla ya waya wa umeme.

Juhudi za kuipa Linux lugha ya Kiswahili zimekwisha kufanywa. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, na orodha yake ya istilahi iliwafaa wengi. Hata hivyo majibu ya modemu yalibaki nje ya tafsiri, kwa kuwa hayamo katika programu za kompyuta. Yamechorwa ndani ya kifaa chenyewe, na mfasiri hana mlango wa kuyafikia.

Mlango wa pembeni upo. Amri ya ATV0 huifanya modemu iache maneno na ijibu kwa tarakimu: 0 badala ya OK, 3 badala ya NO CARRIER, 6 badala ya NO DIALTONE, 7 badala ya BUSY. Tarakimu hazina utaifa. Programu ya mistari kumi ya shell, iandikwayo na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, inaweza kuzisoma na kuandika katika kioo: "Tayari", "Mpagazi hayupo", "Simu haivumi", "Namba inatumika". Kabla ya kuiachia chat kazi ya kupiga, modemu irudishwe kwenye maneno kwa ATV1, maana chat ya kawaida hungojea CONNECT kwa herufi zake zote.