Ukimrudisha Kalinzi, Mrudishe na Dawa

Katika makundi yetu ya simu, sisi watu wa Kigoma tunaoishi nje, maombi ya mchango kwa kijana aliyezama kwenye unga, yaani heroini, yanafanana sana. Kijana alikuwa Dar es Salaam au Mwanza akijitafutia riziki. Sasa ameanza kuuza vyombo vya shemeji yake. Wazee wamekaa kikao, wamekubaliana arudishwe nyumbani, Kalinzi, mbali na maskani na wenzake. Inatakiwa nauli, na pesa kidogo ya kumtunza miezi ya mwanzo. Tunachanga, tunaombeana heri, tunaendelea na shughuli zetu.

Katika maombi hayo dawa haitajwi. Makala haya yanahusu pengo hilo.

Wazee hawakosei kuamini kijiji. Kalinzi iko juu, upande wa barabara ya Manyovu inayoelekea mpakani mwa Burundi. Kuna baridi, migomba na kahawa, na kazi haiishi. Hakuna kona wanakokaa mateja wakisubiri kete. Mtu akitolewa kijiwe alichozoea, vishawishi vingi vinabaki nyuma, na hata wataalamu wa uraibu wanasisitiza jambo hilo. Lakini mwili anaopanda nao basi ni uleule. Saa nane hadi kumi na mbili baada ya kete ya mwisho, arosto inaanza: miayo isiyokatika, kamasi, machozi, vipele vya baridi, tumbo kuendesha, mifupa kuuma kana kwamba inavunjwa. Siku ya pili na ya tatu ndizo mbaya zaidi. Kwa kawaida ndani ya wiki moja makali yanapungua, kijana anaanza kula, mama anamshukuru Mungu, na sisi huku tunatumiwa picha yake akiwa shambani.

Hapo ndipo hatari kubwa inapoanza, na watu wengi hawaijui. Mwili uliozoea heroini hubeba kiasi ambacho kingemuua mtu asiyeitumia. Ukikaa bila kuitumia, uwezo huo unapotea haraka, ndani ya wiki chache tu, ilhali kichwa bado kinakumbuka kipimo cha zamani. Kijana akirudi mjini baada ya miezi mitatu, hata kwa msiba au kutafuta kazi, akakutana na mwenzake na kutumia kama alivyokuwa akitumia, anaweza kuacha kupumua. Hali ni hiyohiyo kwa anayetoka jela, na kwa anayetoka nyumba ya upataji nafuu alikoacha ghafla bila dawa. Kumpumzisha mtu kijijini kisha kumwacha arudi mjini mikono mitupu kunaweza kumweka pabaya kuliko alipokuwa.

Dawa ipo, na nchi yetu ina historia ya kujivunia. Februari 2011, Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kutoa methadoni kwa waraibu wa heroini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi za mwanzo kusini mwa Sahara kutoa tiba hiyo katika hospitali ya umma. Mmoja wa waliosimama nyuma ya kazi hiyo ni daktari bingwa wa magonjwa ya akili, Jessie Mbwambo. Zikafuata kliniki za Mwananyamala na Temeke, Zanzibar ikaanza yake Kidongo Chekundu, na baadaye huduma ikafika mikoa mingine, ikiwamo Mwanza, Mbeya na Dodoma. Mgonjwa halipii dawa.

Aliyewahi kusimama dirishani katika kliniki hizo anajua zinavyofanya kazi. Mgonjwa anatambuliwa. Mfamasia anapima dawa ya maji kulingana na kipimo kilichoandikwa na daktari, anaimimina kwenye kikombe kidogo, na mgonjwa anaimeza palepale akitazamwa. Anaongezewa maji kidogo, anatakiwa aseme neno ili ionekane hakubakiza kitu mdomoni, kisha anaondoka. Hasikii ulevi wa kete na haumwi arosto. Anaweza kwenda kazini. Dawa inamkaa mwilini siku nzima, ndiyo maana kwa kawaida kesho lazima arudi. Jumamosi pia, na Jumapili, na sikukuu.

Kwa mtu wa Temeke hiyo ni nauli ya daladala. Kwa kijana wa Kalinzi anayetakiwa kuifuata Mwanza, dirisha hilo ni kama halipo. Kutoka Kigoma hadi Mwanza ni siku nzima ndani ya basi, na Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli. Tiba iliyojengwa juu ya kikombe cha kila siku, ikikaa mijini peke yake, inawaacha watu wa vijijini nje hata kama ni ya bure.

Je, kuna watu wa milimani waliowahi kutatua shida hii? Wapo, na wana uhusiano na Kalinzi ambao wengi wetu hatukuwahi kuufikiria. Katika miaka ya 2000, kupitia mradi wa TACARE wa taasisi ya Jane Goodall ulioanza mwaka 1994, kahawa ya wakulima wa Kalinzi na jirani zake ilinunuliwa na Green Mountain Coffee Roasters, kampuni ya jimbo la Vermont, kaskazini-mashariki mwa Marekani. Vermont ni jimbo la milima na vijiji, lenye watu wapatao 640,000 tu. Miji yake ya Burlington na Winooski imepokea familia za Wakongo na Warundi, na baadhi yao walipitia kambi za wakimbizi za mkoani kwetu.

Jimbo hilo liliumizwa vibaya na vidonge vya maumivu, kisha na heroini. Januari 2014 Gavana Peter Shumlin alitumia karibu hotuba yake yote ya mwaka kuzungumzia janga hilo moja, jambo lililowashangaza Wamarekani wengi. Kufikia wakati huo jimbo lilikwishaanza kupanga tiba yake kama gurudumu la baiskeli. Katikati kuna kitovu: kliniki kubwa chache zenye wataalamu, zinazotoa methadoni kila siku kwa wagonjwa wenye hali ngumu. Kutoka hapo zinatoka njiti: madaktari wa kawaida wa vijijini, wale wanaotibu kikohozi na shinikizo la damu, wanaoandika buprenofini, dawa ya kuweka chini ya ulimi ambayo mgonjwa anaweza kwenda nayo nyumbani. Kwa kila wagonjwa 100 walio chini ya bima ya umma, madaktari hao waliongezewa muuguzi mmoja na mshauri mmoja wa kuwafuatilia. Mgonjwa akitulia, anashushwa kutoka kitovuni kwenda kwa daktari wa karibu na kwake. Akiyumba, anarudishwa juu bila kugombezwa.

Kabla ya hapo watu walisubiri miezi kupata nafasi. Mwaka 2018, katika kaunti ya Chittenden yenye mji wa Burlington, vifo vya kuzidisha dawa vilipungua kwa nusu. Baadaye fentanili, dawa kali kuliko heroini, ilisambaa na vifo vikapanda tena. Marekani nzima ilipoteza zaidi ya watu 100,000 kwa mwaka kwa dawa za kulevya kati ya 2021 na 2023. Kwa hiyo sisemi kwamba Vermont imemaliza tatizo. Ninachosema ni kwamba ilithibitisha kuwa daktari wa kijijini anaweza kutibu uraibu akipewa dawa, msaidizi na mtu wa kumpigia simu anapokwama. Ufaransa ililiona hilo mapema zaidi: iliporuhusu madaktari wa kawaida kuandika buprenofini mwaka 1995, vifo vya kuzidisha heroini vilishuka kwa asilimia 79 ndani ya miaka minne.

Kwa Kigoma, mahali panapofaa kuwa kitovu panajulikana: Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Maweni. Njiti zake ziwe vituo vya afya na zahanati za vijijini, kwa sababu ndizo zinazofikika kwa miguu. Mgonjwa aanzishiwe dawa mjini, akae karibu hadi kipimo chake kitulie, kisha apande milimani akiwa na mtu wa kumpa dawa na kumsimamia. Shirika la Afya Duniani liliziweka methadoni na buprenofini kwenye orodha ya dawa muhimu tangu 2005. Hizi ni dawa kama nyingine, na mganga wa zahanati anaweza kufundishwa kuzitumia.

Watu wa kufuatilia wagonjwa pia wanaandaliwa. Januari 2024 Dk. Philip Mpango, aliyekuwa Makamu wa Rais na aliyewahi kuwa mbunge wa Buhigwe, jirani zetu, alizindua mpango wa kitaifa wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wenye lengo la kufikia wahudumu 137,294 nchi nzima. Hawa ndio wanaopita nyumba hadi nyumba wakiuliza chanjo za watoto na kliniki za wajawazito. Mhudumu akifundishwa kutambua arosto, na akajifunza kumuuliza mama kama kuna anayetumia nyumbani bila kumwaibisha, familia itasema mapema. Nasisitiza kutoaibisha. Nyumba nyingi za kwetu zingekiri kuwa na mgonjwa wa kifua kikuu kabla ya kukiri kuwa na teja, na binti anayetumia hufichwa kuliko kaka yake.

Mhudumu huyo afundishwe pia kuhusu naloksoni. Hii ni dawa inayomrudishia pumzi ndani ya dakika chache mtu aliyezidisha heroini au dawa za jamii yake, kwa sindano au kwa kupuliziwa puani. Tangu 2014 Shirika la Afya Duniani linashauri ipatikane hata kwa ndugu na marafiki wa watumiaji, si hospitalini tu. Marekani inauzwa dukani bila cheti cha daktari tangu 2023. Dalili ni hizi: mtu anakoroma kwa namna isiyo ya kawaida au pumzi zimepungua mno, haamki hata ukimtikisa na kumwita, mboni za macho zimekuwa ndogo sana, midomo na kucha zimebadilika rangi. Ita msaada, msaidie kupumua, mlaze kwa ubavu anapopumua mwenyewe, usimwache. Hata akizinduka kwa naloksoni lazima apelekwe hospitali, maana nguvu ya dawa hiyo inaisha baada ya saa moja hivi na heroini inaweza kumzimisha tena. Kummwagia maji au kumpa maziwa hakusaidii.

Kinga nayo haianzii kwenye heroini. Tramadoli na dawa za kikohozi zenye kodeini ni za jamii hiyohiyo, na vidonge hivyo hupatikana kirahisi kuliko kete. Mtu mwenye kazi nzito anaanza kimoja cha mgongo, kisha vitatu, kisha hawezi kuamka bila hivyo. Tramadoli ikizidi huleta degedege, na watu hudhani ni kifafa au mapepo. Mwenye duka la dawa asiyeviuza bila cheti anafanya kazi ya kinga kubwa kuliko mabango mengi.

Kuhusu maombi kanisani na msikitini, sina ugomvi nayo hata kidogo. Kijana anahitaji watu wa kumpokea, na waumini wanaweza kufanya hivyo kuliko kliniki yoyote. Anahitaji pia miche ya kahawa ya kwake, kazi ya ujira, na nafasi kwenye chama cha ushirika. Ila asiachishwe dawa kwa sababu ameokoka au ametubu. Wapo wanaohitaji methadoni kwa miaka, kama mwenye kisukari anavyohitaji insulini, na kupona kwao ni kupona kweli.

Basi ombi la mchango likija tena, tusikatae kuchanga. Kabla ya kutuma nauli tuulize: ameonwa na daktari? Ataanzishwa dawa wapi, na nani atamsimamia akifika kijijini? Amepimwa virusi vya Ukimwi na homa ya ini, kama alikuwa akijidunga? Akirudi mjini, nani atampokea? Familia ikikosa majibu, ipige simu bure namba 119 ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, iulize kliniki iliyo karibu. Na vyama vyetu vya Kigoma huku nje, vinavyochangia madawati na bati kila mwaka, vipeleke barua kwa Mganga Mkuu wa Mkoa vikiuliza zahanati za Kalinzi na vijiji jirani zinahitaji nini ili kuanza. Mafunzo ya waganga na wahudumu wachache ni kitu tunachoweza kukilipia.